Maji Meusi ya Gobore

Mtu mmoja aitwaye Luhende alikuwa na gobore aliloachiwa na baba yake, bunduki ya zamani ya kushindiliwa baruti mdomoni. Ndilo lililolinda mahindi ya nyumba mbili, yake na ya mdogo wake Mihayo. Kijiji chao kilipakana na pori, na nguruwe mwitu wakiingia shambani wanakuachia mabua, basi.

Baba alikuwa amemfundisha desturi moja. Ukishapiga, usile kwanza. Chemsha maji ya majivu, uyamimine mtutuni pale uwanjani, usugue kwa ufito wenye kitambaa mpaka yatoke safi. Kausha. Mafuta ya kondoo yaliyoyeyushwa na nta ya nyuki huja mwisho kabisa.

Sasa, maji yale ya kwanza hutoka meusi tii, tena yananuka kama yai viza. Na Luhende alikuwa mtu wa kusifiwa. Wapita njia walisimama kutazama gobore linavyong'aa, wakasema huyu ni baba yake mtupu. Akaona haya kumwaga uchafu ule mbele ya macho yaliyomsifu. Akaacha maji, akawa anapaka mafuta tu juu ya masizi, nje na ndani, kwa mkono wa upole. Mafuta hayaondoi masizi, jamani. Huyafunika, nayo yakaendelea kula chuma humo humo.

Na alijua. Ufito ulianza kukwaruza, halafu ukawa unakwama katikati. Kila ulipokwama, aliongeza mafuta.

Mahindi yalipokomaa, homa ikamlaza. Asubuhi moja nguruwe wakaingia shambani, na Mihayo akaja mbio kuomba gobore. Luhende alilishikilia kidogo kabla ya kuliachia. Neno la kumwonya lilimfika mdomoni. Lakini kulisema kulikuwa kukiri uongo wa miaka yote, na mkewe alikuwa amesimama pale pale mlangoni. Mficha uchi hazai, wazee walishasema. Akalimeza neno lake, akampa mdogo wake gobore likimeremeta.

Mtutu ulipasuka mikononi mwa Mihayo. Walimrudisha kwa machela ya miti, amekwisha kata roho, na nguruwe wakala mpaka wakashiba.

Baada ya maziko mama yao, aliyemchemshia marehemu mumewe maji yale tangu ujana, aliokota kipande cha mtutu. Nje kiliteleza kwa mafuta. Ndani kilikuwa kimelika kama boriti iliyoingiwa na mchwa. Akakiweka juu ya mkeka wa Luhende.

"Mwanangu, uliogopa watu wasione maji meusi," alisema, "ukawaonyesha damu ya mdogo wako."

Luhende alilia, na uchungu ule haukumtoka tena maisha yake yote. Siku ile ile akaomba maji ya majivu. Akaketi uwanjani mbele ya watu wote wa matanga, akaosha kile kipande cha chuma, maji meusi yakitiririka miguuni mwa watu, wala hakuna aliyemcheka. Aliosha mpaka maji yakatoka safi. Lakini gobore halikuwepo tena, na Mihayo hakuwepo.

Nanyi waumini mnaokuja hapa kanisani kila wiki kupakwa mafuta, maji yenu meusi mliyamwaga wapi?