Bi Pelele Amfundisha Chatu Kupumua

Ngano, ngano!

— Ije, tumekaa mkao wa kula.

Masikio mnayo?

— Tunayo, na mengine tumeazima.

Basi mwamsheni huyo anayekoroma, nianze.

Hapo kale palikuwa na Bi Pelele. Pelele mnamjua, yule mnyama mdogo wa majabalini, mnene kidogo, hana mkia wala hana habari. Bi Pelele alizaliwa na kifua kibovu. Akipanda jabali, kifua kinambana. Akishuka jabali, kifua kinambana. Bibi yake akamfundisha dawa isiyochimbwa wala kuchemshwa: kila asubuhi asimame juani, avute pumzi, fuuu, aishike, kisha aiachie taratibu, fyuuu. Akavuta, akashika, akaachia. Kiangazi akavuta, masika akavuta, hata kifua kikafunguka, akawa anapanda jabali huku anapiga soga.

Majirani walimcheka. Nyani alikuwa akimuuliza kila siku kama leo ameshiba upepo, na Bi Pelele, ambaye hakuwa na muda wa kubishana na mtu anayejikuna, aliendelea kuvuta.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Vijito vikakauka, vidimbwi vikakauka, kikabaki kisima kimoja tu chini ya jabali. Chatu akakiwahi. Akatangaza kwamba kisima ni chake, tena kwamba yeye ni mtu wa adabu: hakuna kunywa kabla mwenyeji hajamkumbatia mgeni. Na hicho ndicho kilichowaponza wanyama wa pale, maana walilelewa kwamba salamu ya mwenyeji haikataliwi. Digidigi akaenda, akakumbatiwa, hakurudi. Kanga akaenda, akakumbatiwa, hakurudi. Kila nyumba ikawa na msiba, na kila nyumba bado ikamsifu Chatu kwa ukarimu wake.

Watoto wa Bi Pelele wakaanza kulamba mawe. Hilo lilimuuma sana. Akapanda juu ya jabali, akalala kifudifudi, akamtazama Chatu akimkumbatia Paa. Akaona jambo. Chatu habani kwa pupa. Anangoja mgeni atoe pumzi, ndipo anakaza kidogo. Mgeni akitoa tena, anakaza tena, kru, kru, mpaka pumzi mpya inakosa pa kuingia.

Kumbe ni hilo tu, akawaza Bi Pelele, akashuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bibi. Karibu kifuani."

Bi Pelele akavuta, fuuu, akavuta tena, fuuu, mpaka akawa mviringo mtupu. Chatu akamzunguka, akangoja atoe pumzi. Bi Pelele ameishika. Akangoja. Ameishika. Sasa Chatu, ambaye kazi yake ilikuwa kumeza na kulala, alikuwa amejikaza mwili mzima, na kwa uchu ameizuia hata pumzi yake mwenyewe. Macho yakamtoka. Mwisho akashindwa, akahema, hahh, na mwili ukalegea. Hapo hapo Bi Pelele akaachia yote kwa mpigo, fyuu, akawa mwembamba, akachomoka, chopoko.

Angeweza kukimbia. Lakini angekimbia, watoto wangekunywa nini? Akakaa kitako, akamweleza Chatu kwa upole kwamba yale ni mazoezi ya kupumua. Yanafungua kifua, yanatuliza moyo, yanaleta usingizi mwanana. Chatu akapiga miayo. Bi Pelele akaongeza kwamba yanatanua na tumbo pia, na anayeyafanya vizuri humeza nyati na pembe zake.

Miayo ikakatika. "Nifundishe."

Akaambiwa mazoezi hayo hufanyiwa ndani ya ufa mwembamba wa jabali, ili upepo usipotee. Chatu akaingia, kichwa kwanza, mkia mwisho. Bi Pelele akamwambia vuta, akavuta, fuuu. Akamwambia shika, akashika. Akamwambia vuta tena, akavuta tena. Mbavu zikagota jiwe huku na huku, akakwama kama kizibo.

"Na kuachia je?" akauliza kwa sauti iliyobanwa.

"Kuachia ni somo la kesho, mzee. Ukiachia leo, nyati anapungua."

Chatu hakutaka nyati apungue. Angetoa pumzi moja tu ya kweli angekuwa huru. Lakini kila alipotaka kuitoa, alimwona nyati wake akiondoka na pembe zake, naye akavuta maradufu. Kesho yake Bi Pelele akawa na shughuli. Keshokutwa akawa na wageni. Wanyama wakashuka kisimani, wakanywa mpaka wakacheua. Watoto wa Bi Pelele wakajitosa majini wazima wazima, na hakuna aliyewakumbatia isipokuwa mama yao.

Asubuhi Bi Pelele akapanda juu ya jabali, juu kabisa ya kichwa cha Chatu. Alikuwa na furaha isiyo na kifani. Akavuta, akashika, akaachia. Safari hii bonde zima likavuta pamoja naye, fuuu, hata Nyani, ambaye siku hizi anadai mazoezi hayo aliyagundua yeye.

Ngano yangu naitua hapa. Mwenye nguvu aibebe, aliyechoka aiegemee.

Mnataka funzo? Funzo ni kwamba mazoezi ya kupumua kila siku yanaharibu kabisa afya. Msinibishie mimi. Nendeni mkamuulize Chatu, yuko pale pale ufani. Atawajibu akiachia.