Debe la Mwadime

Mgeni wa ndovu habebi debe. Mmesikia leo bibi harusi akiambiwa hivyo, mkacheka, mkaniuliza ndovu ameingiaje harusini. Methali hii ilianza hivi.

Mghoi na mumewe Mwadime walilima mahindi mpakani mwa mbuga ya Tsavo. Kwa miaka thelathini Mghoi hakumjua ndovu ila kwa hasara. Mahindi yakikomaa, Mwadime alihamia shambani kulinda, akiwa na debe tupu na kigongo. Ndovu akikaribia, Mwadime alilicharaza mpaka mnyama arudi porini. Mghoi nyumbani alitega sikio. Debe likinyamaza ghafla, roho ilimruka.

Binti yao Wakesho alipopata kazi, aliwalipia matembezi ya siku moja mbugani. Mghoi akajifunga leso mpya. Tangu waoane hawakuwahi kwenda popote wawili tu, pasipo msiba wala mzigo. Lakini garini aliona debe katikati ya miguu ya mumewe.

"Baba Wakesho, debe la nini?"

"Nimetia mihogo ya njiani."

"Na kigongo ni cha kuimenyea?"

Dereva akacheka. Mwadime akageukia dirisha.

Waliona twiga, wakaona vilima vya rangi ya samawati, na Mghoi akalisahau debe. Adhuhuri wakafika bwawani. Ndovu jike, mwekundu kwa udongo, alikuwa akimwogesha mwanawe. Mghoi hakuwahi kumwona ndovu aliyetulia.

"Tazama anavyomsugua masikio," alinong'ona. "Kama mimi na Wakesho."

Mkono wa Mwadime ulikuwa na mazoea yake. Paa! Paa! Paa! "Toka! Toka hapa!"

Ndovu akageuka, akatanua masikio, akaja mbio. Dereva akawasha gari, likakohoa likazima. Mwadime akazidi kucharaza, jasho likimtiririka.

Mghoi akalinyakua debe, akalikalia.

"Nipe, Mama Wakesho! Atatuua!"

"Nyamaza! Shambani kwetu unamfukuza, sawa. Hapa unamfukuzia wapi? Hapa ni kwake!"

Debe likanyamaza. Ndovu akasimama hatua chache kutoka mlango wa gari, akipuliza vumbi. Mghoi akainamisha macho, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila hodi. Akangoja. Kule majini mtoto akalia, na mama yake akageuka taratibu, akamwendea.

Mghoi akaushika ule mkono wa mumewe wenye sugu za kigongo.

"Umechoka, mume wangu," alisema. "Leo si zamu yako."

Walirudi jioni na njaa, maana ndani ya debe hamkuwa na muhogo hata mmoja.

Msimu uliofuata Mwadime alilipiga debe lake shambani kama kawaida. Shamba ni lake. Ila siku ya kwenda kwa wakwe wa Wakesho, watu aliokuwa na kinyongo nao cha zamani, Mghoi alimsimamisha mlangoni, akamtazama tu.

Mwadime akashusha pumzi. "Najua, mama. Mgeni wa ndovu habebi debe."