Kanga ya Pili ya Zamda

Siku hiyo nyumbani kwa Mama Tunu, kule Korogwe, walikuwepo watu wanne: Mama Tunu mwenyewe, Tunu, binti yake wa kumzaa, Zamda, binti aliyeletwa na ustawi wa jamii alelewe hapo, na Sakina, mama mzazi wa Zamda. Mama Tunu alijaliwa uvumilivu. Tunu alijaliwa mdomo. Sakina alijaliwa kusema ukweli hata unapomuumiza mwenyewe. Wote watatu walijaliwa wivu, ila wa Mama Tunu ulizidi.

Zamda alipoletwa alikuwa mdogo, akificha chakula ndani ya mto wa kulalia mpaka siafu wakaingia. Mama Tunu hakumchapa. Alimwekea bakuli lenye mfuniko kando ya kitanda, akawa analijaza maandazi au mihogo.

"Hili lako, mwanangu. Hata mimi siligusi."

Polepole, mto ukabaki mto.

Shuleni, Zamda alimpiga kila aliyemwita mtoto wa kuokota. Tunu mwenyewe aling'atwa, na kovu analo. Bado alisimama mbele ya wenzake akafoka, "Huyu dada yangu! Akikung'ata, mimi namalizia!" Rafiki zake wakamhama, akabaki na Zamda tu. Ngumi zikapungua, kisha zikaisha.

Lakini tabia yake ya kutoroka nyumbani haikuisha. Mtu akipaza sauti kidogo, Zamda keshafika stendi. Ndipo Sakina, aliyekuwa akitibiwa maradhi ya akili, akapata nafuu, akaja. Alipiga magoti mbele ya mwanawe.

"Hukukosea kitu, mama. Mimi ndiye niliyeumwa. Nilikupeleka ustawi kwa mkono wangu, nisije nikakudhuru."

Alikuja kumchukua, lakini alipoona mtoto ametulia pale, akamwacha. Zamda hakutoroka tena. Mbio zake zikawa za kwenda getini, pekupeku, kumpokea Sakina kila alipokuja.

Mama Tunu alizitazama nyayo zile vumbini, moyo ukamchoma. Yeye hakuwahi kukimbiliwa. Na kibaya zaidi, Sakina alikuwa mtu mwema: hakuondoka hata siku moja bila kuosha vyombo.

Sasa siku hiyo, pilau ikiwa mezani, Zamda aliingia na doti ya kanga, ujira wake wa kwanza wa ushonaji. Alikuwa ameshaikata na kuipinda. Na kwao, wanaogawana doti hawatengani.

"Moja yangu," alisema. "Ya pili ni ya aliyenifanya niwe mtu tena."

"Mimi nimelala naye kitanda kimoja," Tunu alidakia.

"Na mimi nilimlaza tumboni," alisema Sakina.

"Mpe mama yako, mwanangu," alisema Mama Tunu, lakini mkono wake ulikuwa umeshashika upindo wa kanga.

Zamda akawatazama mmoja mmoja. "Basi niambieni. Bila nani nisingepona?"



Haya, wenzangu mnaosikiliza. Bila bakuli, Zamda angekuwa bado anaficha chakula. Bila mdomo wa Tunu, angekuwa bado anapigana. Bila ukweli wa Sakina, angekuwa stendi hadi leo. Kanga ni moja, na ukiikata mara tatu unapata matambara ya kufutia meza. Je, wewe ungemvisha nani?

Pilau siku hiyo ililiwa ya baridi.