Mbwa Aliyebaki Akibweka

Hadithi za humu kwenye simu huwa zinaanza na mfalme. Hii haina mfalme. Ina mbwa, tena mbwa wa kijijini wa kula makombo. Kama una mbwa, soma mpaka chini. Kama huna, mtumie mwenye naye.

Kijiji chetu ni cha mpunga. Maji ya mto yanazuiwa kwenye banio kule juu, yanashuka kwa mfereji mkuu, kisha yanagawanyika kwenye majaruba, vipande vya shamba la kila mtu. Panya ni wengi kuliko watu, ndiyo maana kila nyumba ina mbwa. Na kwetu mbwa hupewa jina la kuwachokoza majirani.

Wangu aliitwa Hawaniwezi. Jirani yangu Mama Kabula, mjane mwenye meno machache na maneno mengi, alikuwa na wawili. Mtasema, jike kijana, alishinda majarubani akifukua panya. Nimezoea, kikongwe, alilala mlangoni kutwa na maji yake alinywa kwenye bakuli.

Miezi miwili kabla ya mvua alikuja daktari wa mifugo, Daktari Lugendo. Akawachanja mbwa wote ile chanjo ya kichaa, ambayo ni lazima. Kisha akatoa chupa nyingine.

"Hii ni ya homa ya panya. Ni hiari. Anayetaka atachanjiwa, asiyetaka aende zake."

Loo! Kusikia hiari tu, watu wakaanza kuvuta kamba za mbwa wao. Mimi nilisema kwa sauti kila mtu asikie: "Ingekuwa ya maana si wangetulazimisha?" Wakacheka, nami nikajiona mjanja.

Mama Kabula hakuondoka. "Daktari, ina ubaya gani hiyo?"

"Wengine wanavimba mdomo. Wengine wanapata homa siku moja, mbili. Wachache sana wanazidiwa hapo hapo. Inarudiwa baada ya wiki tatu, halafu kila mwaka. Wala haizuii kila aina ya huo ugonjwa, nisikudanganye."

"Na nikiiacha?"

"Kwanza niambie, mbwa wako anakanyaga wapi? Anakunywa wapi?"

Mama Kabula akafikiri. "Mtasema anaishi na panya, maji anakunywa ya mfereji. Huyu mzee hatoki mlangoni, na mwaka juzi sindano ilimvimbisha uso mpaka macho yakafunga."

"Basi ningekuwa mimi, ningemchanja huyo kijana. Mzee ningemwacha. Lakini mwenye mbwa ni wewe."

Akafanya hivyo. Mtasema alilala siku nzima bila kula, mdomo umevimba, nasi tukapita makusudi kumcheka. Baada ya wiki tatu Mama Kabula akampakia kwenye baiskeli, akaisukuma mpaka mjini kwa sindano ya pili. Tukamcheka tena.

Mvua ikaja, mashimo ya panya yakajaa maji. Wiki chache baadaye mbwa wakaanza kunywa.

Sijui nikuelezeje. Jioni, ng'ombe wakirudi, unawakuta mbwa sita au saba wamejipanga kando ya mfereji, vichwa chini, wanakunywa. Hawagombani. Hawabweki. Ukimwita mmoja anainua kichwa, anakutazama kwa macho ya manjano kama binzari, kisha anarudi kunywa. Kesho yake unamkuta pale pale amekufa, pua ndani ya maji.

Kijiji kikawa kimya. Wageni waliingia na kutoka bila kubwekewa. Ukisimama uwanjani ulisikia maji ya mfereji tu, na ulimi wa mbwa ukiyalamba.

Hawaniwezi alipoanza kunywa, nilichanganyikiwa. Mbwa yule alilinda shamba nami miaka mitano. Nikakumbuka desturi ya wazee wetu: mbwa akilegea hupelekwa banio, huzamishwa mara saba akielekea machweo, na aliyemzamisha haruhusiwi kutazama nyuma. Nikambeba. Niliingia maji ya kiuno, mguuni nina kidonda cha jembe. Alikata roho mikononi mwangu kabla sijafika mara ya saba, nami nikatembea mpaka nyumbani nikilia bila kugeuka.

Wenzangu hawakukata tamaa. Wiki nzima walipanga foleni pale banio na mbwa wao.

Baada ya hapo sauti ya mbwa ilisikika upande mmoja tu wa kijiji. Kila jioni, kwa Mama Kabula, Mtasema alibweka. Zamani nisingeisikia. Katika ukimya ule ilinisisimua mwili.

"Mbwa wa Mama Kabula, mmoja kachanjwa, mwingine hakuchanjwa, na wote wazima," nilisema kwenye kikao cha kijiji. "Halafu banio hakuleta hata mmoja. Ninyi mnaona ni kawaida?"

Nilijua ninachosema. Neno kama hilo, lenye harufu ya uchawi, likishatamkwa juu ya mwanamke mzee, huwa haliishii kwenye neno. Nililisema hivyo hivyo, Mungu anisamehe.

Kesho yake tulikwenda kwake wanaume kumi na mmoja, na mapanga. Mimi nilikuwa mbele, ingawa tangu juzi mwili uliwaka na misuli ya miguu iliuma vibaya. Mama Kabula alikuwa anapepeta mchele. Alipoona mapanga, akaweka ungo chini.

"Umewafanya nini mbwa wetu?" nikauliza.

Alinisogelea, karibu mno, akanikazia macho usoni. Kisha akaingia ndani, akatoka na kioo kidogo kilichovunjika pembe.

"Jitazame, mwanangu."

Nikajitazama. Macho yangu yalikuwa ya manjano, yale yale ya Hawaniwezi. Nyuma yangu nikasikia mtu akirudi hatua moja, kisha mwingine.

"Una kiu?" aliniuliza.

Tangu asubuhi nilikuwa nimemaliza ndoo.

Wale kumi hakuna aliyethubutu kunigusa. Bibi niliyekwenda kumwangamiza ndiye aliyenipakia kwenye ile ile baiskeli ya Mtasema, akanisukuma mpaka barabarani tukapata pikipiki.

Hospitali walisema ni homa ya panya. Inatoka kwenye mkojo wa panya, na wa mbwa wagonjwa pia, inakaa majini, inaingilia kwenye kidonda. Daktari Lugendo alikuja kuniona kitandani.

"Hao mbwa wagonjwa mliwapeleka wapi?"

"Tuliwaogesha banio."

Akauliza tena: "Maji ya banio yanakwenda wapi?"

Yanakwenda kwa kila mtu. Wawili kati ya wale waliopanga foleni baada yangu wamezikwa karibu na njia, na kila asubuhi nikienda shamba napita makaburini kwao.

Niliporudi nyumbani nilikwenda moja kwa moja kuomba radhi. Mtasema akanibwekea mpaka mlangoni, nami nikakaa chini nikalia kama mtoto.

"Mama, wewe ulijuaje?"

"Sikujua," alisema. "Niliuliza."

Funzo: Jambo likiwa la hiari, maana yake si kwamba halina uzito, maana yake wa kulipima ni wewe. Uliza chanjo ina ubaya gani, uliza na kuiacha kuna ubaya gani, kisha mtazame mbwa wako anakokanyaga na anakokunywa, usitazame majirani wanaocheka.