Kabati la Nguo za Sihaba

Palikuwa na mama mmoja, Saumu, mwenye mtoto mmoja wa kike na kabati moja la mninga. Mtoto aliitwa Sihaba. Nitawaeleza habari za kabati kwanza, maana hata mama mwenyewe alianza na kabati.

Nguo zilizokuwamo zilitoka kwa wifi yake, Mwanamkuu, dada wa mumewe, aliyeishi mbali, safari ya kulala njiani. Mwanamkuu alikuwa fundi wa kushona na hakujaliwa mtoto. Tangu Sihaba azaliwe, kila mwaka alimshonea nguo kwa mikono yake, akikisia umri na kuongeza kidogo kwa ajili ya kukua, kisha akazituma. Magauni ya marinda, visweta vya baridi, suruali ndogo zenye mifuko ambayo mtoto wa umri ule hana cha kutia. Hakuwa amemwona mtoto huyo hata siku moja.

Saumu alizipokea kwa shukrani, na hakuwa mwanamke mvivu. Ungelifungua kabati lile ungesema umeingia dukani. Rafu ya chini aliweka nguo za uchanga, juu yake za kutambaa, juu yake za kutembea, zote zimekunjwa kwa upana mmoja. Katikati ya nguo alitia karafuu ili mende wasisogee. Kila mwezi alizitoa, akazianika kivulini zisipauke, akazikunja upya na kuzirudisha, kisha akafunga kwa ufunguo aliouhifadhi kwenye pindo la khanga yake. Majirani walikuja kuiga mpango wake. Hata mimi ningemsifu.

Na Sihaba alivaa nini? Alivaa fulana kuukuu ya baba yake, imepigwa fundo begani isimwanguke, na kaptura ya mtumba iliyotoboka nyuma. Msimwone Saumu kuwa ni mama mwenye roho mbaya. Yeye alikua akipokezana gauni moja na dada yake, mmoja akitoka mwingine anabaki ndani, na aliapa kwamba mwanawe hatafika huko. Kwa hiyo aliweka. Mumewe alipouliza kwa nini mtoto asivae, alijibiwa kwamba akiba haiozi. Sikukuu ilipofika mama alitoa gauni, akalitazama, akatazama na matope ya uani, akalirudisha. Na kila Sihaba aliponyoosha mkono ayaguse marinda kwenye kamba, alizuiwa, akaambiwa kwamba zile ni nguo za mtoto mzuri, mtoto msafi, asiyejimwagia uji. Maneno hayo tunayasema sote. Tunayasema huku tunafagia, wala hatujisikii.

Mtoto husikia.

Sihaba alipotimiza miaka sita, Mwanamkuu aliifunika cherehani yake akapanda basi bila kutuma habari. Alitaka kumwona mtoto akiwa ndani ya nguo alizomshonea; hakuwa na haja nyingine. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Alifika mchana, Saumu akiwa ameenda sokoni, akamkuta mlangoni mtoto mwenye fundo begani akichambua mchele kwenye ungo. Mtoto alimwamkia kwa adabu, akamletea kigoda. Mwanamkuu alidhani ni mtoto wa jirani, au binti aliyechukuliwa kusaidia kazi. Akamwuliza kwa upole mtoto wa nyumba hii yuko wapi.

Sihaba aliweka ungo chini. Akamshika mgeni mkono, akamwingiza chumbani, akamsimamisha mbele ya kabati, akasema:

"Bado hajaja. Nguo zake zimo humu, mama anamngoja."

Ndugu zangu, alilisema neno hilo bila uchungu wowote, na hapo ndipo ninaposhtuka kila ninapolisimulia. Hakulia, hakununa. Alieleza kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kiko upande gani. Miaka yote ile alikuwa ameishi kwao kama mshika nafasi ya mwenziwe, na akaona ndivyo dunia ilivyo. Pengine alishajiuliza kama mwenye nguo akija watalala kitanda kimoja, au yeye ataambiwa aondoke. Hatujui, maana hakuna aliyewahi kumwuliza.

Mwanamkuu alikaa chini sakafuni. Akamwuliza jina lake. Alipolisikia, alijiziba mdomo kwa kiganja.

Saumu alirudi akawakuta hivyo, wifi yake sakafuni na mtoto amesimama kando, hajui amekosa nini. Akaambiwa neno lile kama lilivyosemwa. Kikapu kilimtoka mkononi. Alifungua pindo la khanga, akatoa ufunguo, akafungua kabati, akavuta chini nguo zote alizozipanga kwa miaka, zikamwagika kitandani pamoja na karafuu zake. Gauni la kwanza halikupita kichwani. La pili lilikwama kifuani. La tatu alilivuta kwa nguvu likachanika kwapani, naye akaendelea kulivuta huku analia, mpaka Mwanamkuu akamshika mikono. Zilikuwa nguo mpya kabisa. Hapakuwa na hata moja iliyowahi kuingia jasho la mtoto, wala hata moja iliyomtosha. Ni kweli akiba yake haikuoza.

Lilikuwapo gauni moja tu la kumfaa, la njano, alilokuja nalo Mwanamkuu mkobani. Wakamwogesha, wakamvika, likamkaa vizuri. Sihaba hakucheka. Alienda kusimama karibu na mlango, amelishika pindo lisiguse ukuta, akawa anatazama njia kwa hofu. Wale wanawake wawili walimwona na hawakuelewa anatazama nini. Baadaye Saumu alipakua chakula, akaketi mkekani, na kwa sauti ambayo mtoto hakuwahi kuisikia kwake akaita, "Mwanangu, njoo tule."

Sihaba aligeuka upesi kutazama njiani, aone ni nani aliyefika. Kisha akaanza kulivua gauni.

Nami nawauliza ninyi mnaorudi makwenu sasa hivi. Maneno matamu, subira na kicheko, ambavyo umevikunja vizuri kwa ajili ya wageni na siku za misiba, yule anayekula nawe sahani moja kila siku anadhani umemwekea nani?