Kanga Mdomoni mwa Mama

Wanangu, tulieni kidogo niwape hii kabla hatujasimama kuomba.

Walikuwako dada wawili, tumbo moja. Mama yao alifia kwa mkubwa, na kwa kuwa mkubwa aliwafungia watu mlango siku zile za mwisho, kijiji kikanong'ona kwamba alimharakisha mzee. Mdogo akaamini. Salamu zikakatika.

Basi mdogo figo zikamfia, akavimba miguu hadi viatu vikamkataa. Mkubwa akaenda hospitali kimya kimya, akapimwa, akatoa figo yake moja. Mdogo akapona. Hata asante aliituma kwa watu.

Sasa sikilizeni. Siku moja anachambua mchele barazani, mikono yake ikakumbuka kitu ambacho haikukifanya. Ikakumbuka kanga mbichi, na mdomo wa mama chini ya kanga ile, unahangaika, na mikono imeuziba. Ungo ukamtoka. Yeye hakuwepo mama akifa. Kumbukumbu hiyo imetoka wapi, kama si kwa mwenye figo?

Ikarudi kesho, na keshokutwa, kila mara ndefu zaidi. Akajishika ubavu: nimebeba kiungo cha muuaji? Ninyi mngefanyaje? Mngenyamaza?

Akafunga safari. Akamkuta mkubwa anasugua sufuria uani.

“Dada, ulimziba mama mdomo.”

Mkubwa akaacha kusugua. “Nani kakwambia? Chumbani tulikuwa wawili tu.”

“Hii uliyonipa ndiyo imeniambia.”

Mkubwa akakaa chini polepole, maana mshono ulikuwa bado unamvuta.

“Alikuwa anakuita,” akasema. “Siku mbili, jina lako tu. Nawe ulitumiwa ujumbe, ukajibu utakuja ukimaliza kuvuna maharage. Na nje kina mama wamejaa. Unawajua watu wa kwetu. Mzazi akikata roho anamwita mtoto asiyefika, mtoto huyo kalaaniwa, hata maji yake hayanywewi. Nikaloweka kanga nikamwekea, taratibu, apumue lakini jina lisitoke nje.”

“Wakasema umemuua. Mbona hukujitetea?”

“Ningejiteteaje bila kukutaja? Na wewe mwenyewe ningekwambia? Mdomo wako kama tarumbeta, ungejitangaza hadi sokoni.”

Mdogo akacheka, na kicheko hakikufika mwisho, kikawa kilio. Akaisogeza sufuria kwake, akaisugua yeye.

Wanangu, na sisi tunangoja nini? Tupasuliwe ubavu ndipo tuamini? Yupo mtu aliyebeba lawama yako, kakaa kimya miaka, na akipita njiani unageuza uso. Umewahi kumuuliza? Mungu hatakuwekea kiungo chake ndani kije kukusimulia. Kakupa miguu. Kwa hiyo ibada ikiisha msibaki hapa nje kunishika mikono na kunisifia maneno. Nendeni mkabishe hodi. Na mimi msinicheleweshe, ninao mlango wangu wa kwenda.