Kiraka wa Chapakazi

Sogeeni karibu, na mwenye mdomo wa kuamua aje nao. Mimi nasimulia tu, hukumu ni yenu.

Huko Masasi palikuwa na timu ya mpira iitwayo Chapakazi, na ndani yake wanaume watatu. Mkwepu alikuwa kipa, na mpira ukitua mikononi mwake umetua. Chitanda alikuwa mshambuliaji, kichwa chake kilijua goli lilipo hata akiwa amefumba macho. Na Nandonde alicheza kila mahali. Beki akiugua, aitwe Nandonde. Kiungo akifiwa, aitwe Nandonde. Wapenzi wa mpira wana jina la mtu wa namna hiyo: kiraka. Wanalisema kwa sifa. Nandonde alilipenda miaka mitatu ya kwanza, kisha akaanza kufikiria kiraka hushonwa wapi, akaacha kulipenda.

Kila mwaka alimwendea kocha wao, Malibiche. "Mwalimu, na mimi nipate namba yangu ya kudumu."

"Msimu ujao," Malibiche alimjibu miaka kumi na moja. "Kwa sasa cheza pale palipotoboka."

Kuna mwaka walikuja wageni kutoka timu kubwa, wanatafuta beki wa kulia. Mkoa mzima haukuwa na beki wa kulia wa kumshinda Nandonde. Lakini siku hiyo Mkwepu alikuwa na malaria, kwa hiyo Nandonde akawekwa golini. Wageni wakatazama dakika tisini, wakaondoka na beki wa timu pinzani. Nandonde alilia chooni, akanawa uso, akapanda gari pamoja na wenzake.

Ikafika mechi ya kupanda Ligi Kuu. Sare ilikuwa haitoshi.

Dakika ya sitini wapinzani wakapata penalti. Mkwepu akaruka, akaupangua mpira, akaangukia nguzo ya goli na mkono ukavunjika. Asingeupangua, Chapakazi ingefungwa na habari ingeishia hapo.

Wachezaji wa akiba walikuwa wameshaingia wote. Nandonde, aliyeianza mechi kama beki na wakati huo akiwa kiungo, akamvua Mkwepu glavu huku mwenzake analia kwa maumivu, akazivaa. Mara tatu wapinzani walimpigia mashuti ya karibu, mara tatu akayazuia, la mwisho kwa mbavu. Asingesimama pale, kazi ya Mkwepu ingekuwa bure.

Dakika ya mwisho ikapigwa kona. Chitanda alimwona beki anakuja na mguu juu, akaingiza kichwa hivyo hivyo. Mpira wavuni, kiatu usoni. Asingekiingiza, timu ingebaki kule kule ilikozoea.

Gazeti likatoa picha ya mashujaa: Mkwepu na plasta mkononi, Chitanda na bandeji jichoni, "pamoja na mchezaji mwingine." Nandonde alivunjika mbavu mbili, lakini mbavu hazionekani kwenye picha.

Sasa sikilizeni ukatili wenyewe. Timu ilipopanda, viongozi walisajili watu wapya ishirini na tisa, watu wasiojua hata choo cha uwanja kiko wapi. Wa zamani wakaachwa bila kwaheri. Kwenye fomu ya majina thelathini ukabaki mstari mmoja. Malibiche akawaita wale watatu. Daktari alishasema wote watapona na watacheza, ila wote walikuwa wamevuka miaka thelathini. Atakayeachwa hapo hakuna timu itakayomtaka, mpira wake umekwisha.

"Nawauliza swali moja," Malibiche alisema bila kuwaangalia. "Nikikuacha wewe, timu itapungukiwa nini?"

"Itapungukiwa kipa," alisema Mkwepu. "Bila mkono huu mngekuwa mnacheza kwenye vumbi mpaka leo."

"Itapungukiwa magoli," alisema Chitanda. "Huyu alizuia, na huyu naye alizuia. Nani alifunga?"

Watu hawa walikula sahani moja miaka saba. Siku hiyo kila mmoja alimpa mwenzake mgongo.

Nandonde alikuwa analitaka jina lake kwenye mstari ule kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Akaipekua miaka yote kumi na moja, akitafuta siku moja tu ambayo nafasi ilibaki wazi kwa sababu yeye hayupo. Hakuiona, maana hakuwahi kupewa nafasi yake.

"Hamtapungukiwa kitu, mwalimu," alisema mwishowe. "Ndiyo kazi mliyonipa."

Malibiche akacheka kidogo, akidhani ni mzaha, akachukua kalamu.

Mimi namwacha hapo, na kalamu nawapa nyinyi. Yuko aliyepangua, yuko aliyeziba, yuko aliyefunga. Msiniambie wote watatu, mstari hautoshi. Haya, mnaandika jina la nani, na wale wawili mtawatazamaje usoni?